Baiskeli Iliyoombewa

Wanaume wanaopita mtaani kwetu Jumapili asubuhi na nguo za kubana hupunguza uzito wa baiskeli zao ili wapande vilima haraka. Mimi nilipunguza ili nipande ngazi. Naishi Ixelles, huku Ulaya, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya zamani isiyo na lifti, yenye ngazi nyembamba zinazojipinda hadi kitanda changu kililazimika kuingizwa kupitia dirishani. Ukumbini chini, mwenye nyumba hataki kuona hata pampu ya baiskeli. Nje wezi hawalali: baiskeli ya kwanza niliyoifunga kwenye nguzo iliondoka nzima, na ya pili waliniachia fremu na gurudumu moja, kama mifupa ya samaki kwenye sahani. Nikaapa kwamba ya tatu italala ndani, pamoja nami.

Shida ni kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekatazwa kubeba. Nilikuwa nimepasuliwa titi la kushoto, kansa, na pamoja nalo madaktari walitoa tezi za kwapani. Mtaalamu wa viungo aliyenifundisha upya kuchana nywele kwa mkono ule alinionya bila kupepesa macho: ukibeba vizito mkono utavimba, na ukishavimba sawasawa hautarudi ulivyokuwa. Na kwenye kona za ngazi zetu mkono mmoja hautoshi. Lazima wa pili usaidie kidogo kuvusha baiskeli juu ya kishikio cha ngazi, na hicho kidogo ndicho nilichokuwa nakipigania, gramu kwa gramu.

Utaniuliza kwa nini sikupanda basi kama wenzangu. Ni kwa sababu ya hao wenzangu. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Woluwe-Saint-Lambert, na ukipanda basi asubuhi kwenye Chaussée d'Ixelles, kabla hujafika Porte de Namur umeshakutana na nusu ya kanisa. Kila mmoja anakupima kuanzia kisigino mpaka kitambaa cha kichwa. "Maman, umekonda hivi, ni régime, unajinyima chakula, ama ni nini?" Ukijibu, jibu lako litafika Matonge, mtaa wa maduka ya watu wa kwetu, kabla yako. Kwenye baiskeli wanakupungia mkono tu, na wewe umeshapita.

Sikuwa naficha kwa aibu. Nilikuwa naficha kwa ajili ya mama yangu, aliye Bukavu.

Ibada yetu hurushwa mtandaoni, na kila Jumapili jirani humshikia mama simu anitazame nikiimba kwenye kwaya. Ikiisha tu, ananipigia, na kazi yake ni kunigombeza. "Ju ya nini haufungue kinywa? Benzako banaimba, weye uko natafuna." Nilipoanza kuvaa wigi kwa sababu dawa zilikuwa zimemaliza nywele, alipiga kelele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio: "Na ile wigi, ulinunua kwa adui?" Nilicheka mpaka mshono ukauma. Katika miezi ile ambayo kila mtu hospitalini alisema nami kwa sauti ya pamba, kugombezwa na mama ndiko kulikonihakikishia kwamba bado nipo.

Dada yangu mkubwa alikufa kwa ugonjwa huohuo, mikononi mwa mama. Nilikuwa nimekwenda kumwona. Mama, ambaye alikuwa amemgombeza dada tangu alipojifunza kutembea, siku alipoambiwa jina la ugonjwa aliacha mara moja. Dada alinivuta karibu akaninong'oneza, "Mama iko nasema na miye polepole sawa mugeni. Njo nimejua nitakufa." Sijawahi kulisahau neno lile. Niliamua kwamba mama hatasikia habari yangu kwa simu wala kwa mtu. Nitamaliza matibabu, nywele zitaota, nitapanda ndege likizo ya Agosti, nitakaa jikoni kwake na nitamwambia nikiwa nakula ugali wake, ashike mkono wangu aone una joto. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na ulihitaji watu wafunge midomo.

Mtu mmoja tu aliujua. Alikuwa rafiki yangu, mzaliwa wa Uvira, tunasimama bega kwa bega katika sauti ya kwanza, na kazi yake ni kushona nguo katika duka moja la Matonge. Yeye ndiye aliyenipeleka na kunirudisha kila siku ya dawa. Nilimpa ufunguo wa nyumba yangu. Alinishikia beseni nikitapika na hakuwahi kugeuza uso. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikumwamini mtu wa njiani.

Tena alikuwa anajua baiskeli. Uvira ni mji wa baiskeli, na baba yake alikuwa fundi wa baiskeli, chini ya paa la bati karibu na soko. Nilipoleta fremu ya kaboni, nyepesi kuliko chuma, nyumbani, aliishika kwa vidole viwili, akaitikisa, akaigonga kwa kucha, akasikiliza.

"Hii kinga ni ya batoto?" akasema, maana kwetu baiskeli huitwa kinga. "Haina hata sauti ya chuma. Baba yangu angeikataa."

Fremu niliuziwa kazini na mzee mmoja tunayemhudumia, Mflemi, mwenyeji wa huku, mfupi kama mimi, aliyekuwa mwendeshaji hodari mpaka magoti yakamkatalia. Baridi yote ile tuliijenga jikoni kwangu, mimi na rafiki yangu, Jumamosi mchana. Tuliitundika kwenye mlango wa kabati. Kila kilichofika kwa posta tulikiweka kwanza kwenye mizani ninayopimia unga wa mikate: uma wa mbele, usukani, breki, nguzo ya kiti. Yeye alikuwa anacheka kwamba napima kinga kama anayeuza mikate sokoni. Nikamwambia sokoni ukipunja gramu mteja anaumia, hapa nikipunja gramu napona. Tulivunjika mbavu.

Kaboni haitaki hasira. Chuma ukikikaza kupita kiasi kinakuvumilia, lakini kaboni inapasuka kwa ndani na haikuambii chochote, mpaka siku ikuangushe. Nilinunua spana inayolia tak! nguvu inapotosha, na rafiki yangu aliichukia spana ile. Alikuwa amezoea kukaza hadi mshipa wa shingo usimame. Nilipata jeuri ya kumfundisha binti wa fundi, naye alipata jeuri ya kunifundisha kupangusa mnyororo bila kujipaka grisi hadi kwenye kidevu.

Kulikuwa na jambo moja. Alipenda kuchukua vitu kwake. "Nipe guidon, nitaisafisha muzuri," anasema, na usukani unakwenda na kurudi wiki inayofuata ukiwa unang'aa. Ilikuwa vilevile kwa magurudumu, kwa pedali, kwa kiti. Nilishukuru. Nilikuwa nachoka upesi siku hizo, na mtu akikupunguzia kazi humwulizi maswali.

Siku ya kwanza niliyoiendesha, nikishuka barabara ya Tervueren kuelekea Woluwe, niliona miti inazidi kurefuka. Kumbe ni mimi niliyekuwa nadidimia. Nguzo ya kiti ilikuwa inateleza ndani ya fremu taratibu, na nilipofika kazini magoti yalikuwa yananigonga kidevuni. Wazee walioniona dirishani walicheka hadi mmoja akahitaji kupewa maji. Nguzo ya kaboni hupakwa dawa maalumu yenye chembechembe kama mchanga, ili ing'ang'anie. Niliichomoa nikainusa. Ilinuka zeituni.

"Ni mafuta ya upako," rafiki yangu alikiri, wala hakutahayari. "Kidogo tu. Ju ya ulinzi."

"Ulinzi gani, na kiti kinazama?"

"Kinga ilizama, lakini weye haukuanguka. Donc iko inafanya kazi."

Hapo ndipo ningepaswa kuamka. Badala yake nilicheka, nikaifuta kwa spiriti, nikapaka dawa yake, spana ikalia tak, tukanywa chai.

Majira ya kuchipua nilibadilisha magurudumu. Yale ya kwanza yalikuwa ya aluminiamu, ya mitumba, mazito. Nilichukua zamu za ziada nikanunua ya kaboni, na ndani ya tairi nikaweka zile tyubu nyembamba za plastiki zinazokunjwa zikaenea mfukoni mwa shati. Jioni hiyo nilipanda ngazi zangu na baiskeli begani bila kupumzika hata mara moja. Kwenye kona mkono wa kushoto uligusa tu, kama unavyomgusa mtoto anayejua njia. Nilifika mlangoni, nikaiegemeza ukutani, nikakaa sakafuni nikalia kwa furaha. Nilimpigia rafiki yangu kwanza, kabla sijavua viatu. Naye alilia. Nilidhani tunalilia kitu kimoja.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye kwaya. Kanisa letu ni ghala la zamani, si mbali na Matonge, lenye viti vya plastiki na kamera moja kwenye mguu wa chuma. Rafiki yangu hakuwa kwenye nafasi yake. Nilidhani ameamka na homa. Tulipomaliza wimbo wa pili, pasta akauliza nani ana ushuhuda, na mlango wa nyuma ukafunguka. Niliisikia kabla sijaiona, maana gurudumu lile la nyuma likizunguka bila kukanyagwa hulia tikitikitiki. Rafiki yangu alikuwa anaisukuma baiskeli yangu katikati ya viti kuelekea madhabahuni, amevaa kitenge cha sikukuu.

Ufunguo nilimpa mwenyewe. Alipita nyumbani nilipokuwa nimetoka.

Alishika kipaza sauti. Alisema, "Bandugu, muone dada yetu ule kule, wa kwaya." Alitaja ugonjwa kwa jina lake. Alitaja titi, na upande. Alisema mkono wangu haukuweza kubeba hata sahani, na kwamba waliomba, na waliomba, na leo mkono ule unapandisha kinga mpaka ghorofa ya tatu. Kanisa likalipuka. Niliangalia kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, na nyuma ya taa ile, Bukavu, mama yangu alikuwa amekaa.

Kisha wakasimama wamama wa maombi, kundi la waombaji wa kila Ijumaa, mmoja baada ya mwingine.

"Miye nilishika guidon," akasema wa kwanza.

"Miye roue, gurudumu ya nyuma. Nililala nayo juu ya kifua."

"Miye kiti."

Ndipo nikaelewa baiskeli yangu ilikuwa inasafishwa wapi. Kila kipande kilichoondoka jikoni kwangu kilikuwa kimepita mikono yao, kimepakwa mafuta, kimelala kwenye vitanda vyao. Walikuwa wanajua tangu baridi. Wale walioniambia "umependeza" walikuwa wanajua. Yule aliyekuwa akininyang'anya mkoba kila Jumapili, nami nikimsifu kwa wema, alikuwa anajua. Miezi yote hiyo nilikuwa naigiza uzima mbele ya watu waliokuwa wameshasoma mchezo mzima.

Pasta aliniita. Miguu ikanipeleka. "Inua, mama, kanisa lione," akasema. Niliweka mkono wa kulia kwenye fremu. "Hapana ule! Ule mwingine! Ule Bwana alitengeneza!"

Ningeweza kuondoka. Nimejiuliza sana. Lakini kamera ilikuwa inaniangalia, na nilifikiri: mama ameshasikia. Kilichobaki ni aone. Akiniona ninakataa, ataona mgonjwa. Basi nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikainua hadi juu ya kichwa, nikatabasamu kwa meno yote. Wakaanzisha wimbo. "Shikilia! Shikilia!" Nikashikilia wimbo mzima, na kwapa likiniwaka moto. Baiskeli ilikuwa nyepesi kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi ya zamu za ziada na kupima skrubu kwenye mizani ya unga, na watu mia wanapiga vigelegele kwa mkono wangu. Hakuna aliyeuliza baiskeli yenyewe ina uzito gani.

Rafiki yangu nilimkuta nje, akiniletea maji.

"Uliniuza," nikamwambia.

Alishtuka kabisa. Nataka kuwa mkweli: alishtuka kama mtu aliyeleta zawadi akapigwa nayo usoni. "Nilikuuza? Miye nilifunga kula ju yako. Bamama balifunga kula. Weye ulikuwa nasema utaficha mupaka mwezi ya Août. Muntu akificha muujiza, ugonjwa inarudia! Ulitaka nikuache ufe ju ya siri?"

"Ilikuwa siri yangu."

"Maombi ilikuwa yetu. Alors ushuhuda ni yetu shiye bote."

"Titi ilikuwa yangu miye."

Alianza kulia. Aliamini kila neno alilolisema, na hilo ndilo linalonikaba hadi leo. Kama angenisema kwa umbea ningejua pa kumweka. Yeye aliniombea kwa njaa, akanipeleka hospitali kwa miguu yake, na wakati uleule akaigawa habari ya mwili wangu kama mkate wa meza ya Bwana. Nilimwomba ufunguo wangu. Aliutoa kwenye pochi, nikaupokea, nikasukuma baiskeli hadi nyumbani bila kuipanda.

Wiki ile niliifungua yote. Nilichomoa nguzo, kiti, usukani, nikatoa mnyororo, nikafuta kila kipande kwa spiriti ya kazini, hadi ndani ya mabomba ya fremu. Mafuta ya zeituni yalitoka mahali nisipopategemea. Niliirudishia peke yangu. Usukani ni kazi ya watu wawili, mmoja anyooshe na mwingine akaze, kwa hiyo ulikaa upande kidogo na bado uko upande. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kujaa tangu jioni ya ushuhuda. Siku hizi navaa mkono wa soksi, ule mkali wa kubana, kuanzia kiganjani hadi begani. Mtaalamu wa viungo aliniuliza nilibeba nini. Nikamwambia baiskeli. Akasema lakini si ni nyepesi? Nikamwambia ilitegemea wimbo ni mrefu kiasi gani, naye akadhani namtania.

Jumapili ile ya ushuhuda mama hakupiga simu. Nilikaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa na giza likaingia. Kesho yake, wakati wa mapumziko ya kazi, nikapiga mimi.

"Aksanti ya kupiga, mutoto yangu," akasema.

Mama yangu hajawahi kunishukuru kwa kupiga simu. Kawaida huanza na "Njo unakumbuka sasa?"

"Mama, uliona ibada?"

"Niliona."

"Uliona nilinyanyua kinga?"

"Niliona, maman. Uko na nguvu." Alisema taratibu, akichagua maneno, kama anayetembea chumbani mwa mtoto aliyelala.

Nikaingiwa na hofu, nikaanza kumchokoza. Nilimwambia tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Akasema kama sina njaa hakuna haja ya kujilazimisha. Nikamwambia nimetoka kwenye kwaya na huenda kanisani sitarudi tena. Nilingoja radi. Mwanamke huyu aliwahi kunifukuza kwa kijiko cha ugali kwa sababu nililala wakati wa mahubiri.

"Ni muzuri," akasema. "Upumzike."

"Nimenunua wigi ingine. Ya rouge, nyekundu sawa pilipili."

"Rouge itakufaa."

Nilikuwa nimesimama kwenye korido, na mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu alikuwa ananitazama. Sikujali. Nilipiga kelele kwenye simu. "Mama, nigombeze! Pardon, Mama, nigombeze!"

 Nilimsikia akivuta pumzi, na jirani akimwuliza kitu, naye akimnyamazisha. Kisha akarudi, na sauti yake ilikuwa imeshuka zaidi.

"Unaumwa fasi gani, mutoto yangu?"